Rodi na rili ya ziwani nimeileta Tudor: miezi saba kwenye maji ya chumvi

Kila nikishuka pwani na hii rodi ya kuvulia samaki watu hunisimamisha, wataishika, wataipinda ncha, watazungusha mkono wa rili, ile mashine ya kukunjia uzi, alafu swali ni lile lile, bei gani na yafaa ama haifai. Sasa nimeamua niandike yote pahala pamoja manake jibu lake si la neno moja. Nimeitumia kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, miezi saba kamili, Tudor kwenye mikoko hapa Mombasa, Mtwapa, na mara chache pale Mama Ngina nikirusha kutoka juu ya mwamba. Sikupewa bure na mtu, ni pesa yangu.

Kwa wenye haraka: rodi chukua. Rili usichukue kama wavua chumvi, na kama ushanunua basi soma huko chini nilipoeleza habari ya maji kabla hujaiua.

Set yenyewe ni rodi ya futi 7, vipande viwili, grafaiti iliochanganywa na fibaglasi, mpini wa koki, ile ya vizibo vya chupa, imeandikwa uzi wa ratili 10 mpaka 20. Rili ni zile za kuning'inia chini ya rodi, saizi 4000, beringi sita, breki iko mbele. Vyote viwili pamoja dola 95. Niliagiza kwa mtoto wa ami yangu anaeishi Texas, akaja nayo likizo ya mwezi wa nane ndani ya begi lake, kwahivo usafiri sikulipa wala ushuru, na hilo mulihesabu nyinyi mtakaotaka kuagiza kwa njia nyingine.

Lazima nieleze ilivyokuwa mpaka nikaitaka hii hii, manake ndio kiini cha maneno yote. Binamu yangu huko aliko anavua ziwani, Ziwa Texoma, liko mpakani mwa Texas na Oklahoma. Ni ziwa la kutengenezwa, waliziba mto unaitwa Red River kwa bwawa la Denison, likamalizwa 1944. Kila ikifika masika yao, mwezi wa tatu wa nne hivi, simu yangu hujaa picha na sauti zake, yuko juu ya boti kabla ya jua kutoka, amevaa koti na kofia ya sufu, amebeba samaki mweupe kama fedha mwenye mistari myeusi saba au nane kutoka kichwani mpaka mkiani. Anaitwa straipa, besi mwenye mistari. Na kila picha rodi ni hii na rili ni hii. Miaka mitano anavulia hio hio seti na rili yake bado yazunguka kama saa. Mimi kusikia miaka mitano nkasema basi, hio ndio yangu.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni kile alichonieleza yeye mwenyewe kuhusu huyo samaki. Straipa kwa asili ni samaki wa bahari bwana. Kwao ni pwani ya mashariki ya Marekani, Atlantiki, yuaishi kwenye chumvi, alafu masika yakifika aingia mitoni kwenda kutaga. Sasa kule South Carolina miaka ya 1940 walipojenga mabwawa ya Santee na Cooper, wengine wakabaki huko juu, njia ya kurudi baharini imefungwa. Watu wakidhani watakufa. Hawakufa, wakaishi na wakazaana kwenye maji matamu. Baada ya hapo ndo serikali za majimbo zikaanza kuwapanda kwenye maziwa mengi, Texoma wakapelekwa miaka ya 1960. Na si kila ziwa watazaa, manake mayai yake yanataka yabebwe na mkondo wa maji kama siku mbili hivi mpaka yaanguliwe, yakituama yanazama kwenye tope yanakufa. Texoma yana bahati, mito inayoingia ni mirefu, Red River na Washita, kwahivo wanajizalia wenyewe. Sehemu nyingi nyingine lazima vifaranga viletwe kila mwaka.

Kwahivo samaki katoka baharini akakaa ziwani, na vifaa vya kumvulia navyo vikatengenezwa vya ziwani, kwa maji yasiokuwa na chumvi kama ya bahari. Mimi nimekichukua hicho kifaa nkakirudisha baharini. Samaki aliweza kuhama. Rili haikuweza.

Haya, rodi kwanza, manake hii naipenda wallahi.

Ni laini juu, ngumu chini. Ncha yafuata maji, mpaka kufika katikati bado inakunjika, alafu pale karibu na mpini inakataa. Binamu alinieleza sababu: masika wanavua sana na chambo hai, samaki mdogo anaitwa shadi, wa jamii moja na simsim zetu, wale samaki wadogo wa makundi, wanamtunga kwenye ndoana ya mviringo, rodi imewekwa kwenye kishikio cha boti na hakuna anaeigusa. Straipa akibeba, ncha inamfuata polepole, haistuki, ndoana yajigeuza yenyewe inashika pembeni mwa mdomo. Ukiivuta kwa ghafla umemnyang'anya. Rodi ngumu haiwezi kazi hio.

Sasa hio tabia nkaijaribu Tudor. Siku yenyewe ilikuwa siku ya tatu baada ya mwezi kuandama, bamvua limekasirika kweli, maji yameshajaa mpaka ndani kabisa ya mikoko na sasa yanaanza kutoka. Tulikuwa kwenye mtumbwi wa ami, ami mbele na mshipi wake wa mkono kama siku zote, mimi nyuma na rodi. Tukashuka na maji mpaka tukawa tunaliona Daraja la Nyali, tukatia nanga pembeni ya mkondo pale maji yanapojikunja. Mkizi mdogo wa urefu wa kiganja, mzima, nimemtunga puani, ndoana ya mviringo namba 5/0, lida, ule uzi wa mwisho karibu na ndoana, ya ratili 40. Mimi nimezoea mshipi, samaki akigonga mkono wangu unaruka wenyewe, na ndio maana nilijiwekea mikono mapajani ili nisiharibu.

Ncha ikaanza kutetemeka, yule mkizi amemuona mtu. Alafu ikalala. Ikalala ikaendelea kulala mpaka nkadhani rodi inaingia majini, na rili ikaanza kulia. Ami hakugeuka hata, akasema tu, "Mwache aende. Mwache, uzi unao." Nkamwacha. Alichukua kama mita 60 kwa mbio ya kwanza kufuata maji yanayotoka, akasimama, nkamrudisha nusu, akaondoka tena. Kolekole. Wanaomjua wanajua, huyu samaki hajui kuchoka, anakugeuzia ubavu na maji ya bamvua yanamsaidia. Rodi ilikunjika mpaka pale juu ya koki na haikulia hata kidogo, haikukatika, na ule ulaini wake ulikuwa unanisaidia manake kila akitikisa kichwa ncha inameza ule mtikiso, uzi haulegei wala haukazi kwa ghafla. Dakika kama ishirini. Tulipompima sokoni alikuwa kilo saba na nusu. Ami, mtu alievua kwa mshipi tangu utoto wake, akaichukua ile rodi akaitazama mpaka juu kwenye pete ya mwisho akarudisha, akaniambia, "Hii ina adabu." Kwa ami hio ni sifa kubwa.

Lakini pia nimepoteza samaki wawili wakubwa kwa sababu ya huo huo ulaini na nitasema ukweli. Ndani ya Tudor ukiwa unavua kandokando ya mikoko, samaki akikamatwa hakimbilii kati, akimbilia mizizi. Tewa hasa. Pale unataka rodi ngumu inayomzuia mita mbili za kwanza, na hii haimzuii, inamfuata kwa upole mpaka ameshaingia shimoni na uzi umeshakwaruzwa. Ziwani kule ni kweupe, maji marefu, straipa hana mahali pa kujificha, akimbie atakavyo. Kwahivo kama wewe ni mtu wa tewa na kungu wa miambani, hii si rodi yako. Kama unapenda mkondo, mlango wa bahari, kolekole na mzia, ni yako kabisa.

Pete zake nane, fremu ya stainless na ndani keramiki. Baada ya miezi mitano nkaona doa la kutu kwenye pete ya pili, pale chini ilipofungwa na uzi na vanishi, dogo kama punje ya mtama. Nimelisugua likatoka na halijarudi. Kiti cha rili ile kofia ya chuma imetoa unga mweupe. Koki inanusa ngisi na haitoacha kunusa ngisi. Ni hayo tu. Kwa rodi iliotengenezwa kwa maji matamu, miezi saba ya Mombasa, mimi nasema imesimama.

Sasa rili.

Mwezi wa kwanza wa kuitumia ilikuwa raha. Laini, nyepesi, uzi wa kusuka wa ratili 20 unaingia kama mita 200, narusha mbali kuliko wote pale. Shida ya kwanza nkaiona siku ile ile ya kolekole lakini kwa furaha sikuitilia maanani: mbio ya tatu breki ilianza kushikashika, inaachia, inashika, inaachia. Ndani washa zake, vile visahani bapa vinavyobana, ni za kitambaa kigumu kilichopakwa grisi, na kwa straipa wa Texoma inatosha, binamu anasema wengi wake huwa kilo mbili tatu, na sheria pale ni samaki kumi kwa mtu kwa siku, na katika hao kumi wawili tu ndo waruhusiwa kuzidi inchi 20. Breki haijawahi kupata joto kule. Kolekole wa kilo saba kwenye maji ya bamvua anaipa joto mbio moja tu.

Mwezi wa pili wa kuitumia kile kirola kidogo ambacho uzi hupitia ukiingia, kikaacha kuzunguka. Hujui mpaka uone uzi wako unajisokota wenyewe kila ukirusha. Mwezi wa tatu wa kuitumia ikaja mbaya zaidi, mkono wa rili ukaanza kurudi nyuma. Wanaojua rili wanajua hii maana yake nini, ndani kuna beringi ya kuzuia isirudi, na ikishaingia kutu inateleza. Nilikuwa nimeshika samaki Mtwapa, sikumuona lakini alikuwa mzito, na pale nilipotaka kumkaza mkono ukageuka ukanipiga vidole na uzi ukalegea. Akaenda zake. Nliumia sana siku hio, si vidole, yule samaki.

Na mimi nilikuwa naosha! Hapa ndo nataka kila mtu wa Mombasa asome vizuri. Kila siku nikirudi naiosha rili yangu kwa maji mengi. Nikampigia binamu kwa hasira, nkamwambia hii kitu uliyonipa mbovu, akaniuliza, unaosha? Naosha. Kwa maji gani?

Nikanyamaza.

Sisi nyumbani Tudor mfereji unatoka maji siku unazozihesabu, siku zote zilizobaki tunatumia kisima. Na maji ya kisima chetu, kama visima vingi vya kisiwani, yana chumvi. Si kama ya bahari lakini weka kwenye sufuria yachemke yakauke uone ule ukoko mweupe unaobaki. Ndio hayo nilikuwa naosha rili, alafu naianika juani, yaani naikausha chumvi ndani yake kila siku. Binamu kule anaosha rili ziwani kwenyewe, anaichovya tu, manake maji anayovulia ndio maji ya kuoshea. Yeye hana la kufikiria. Sisi lazima tufikirie. Maji matamu ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere, na yasipofika kwenye mfereji unanunua mtungi kwa mwenye mkokoteni.

Basi nikabadilisha. Mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu, nanunua shilingi 30 pale kwetu, nimeuandika kwa rangi RILI ili mtu asiupikie chai. Lita tano zatosha safari moja, natoka mara tatu kwa wiki, kwahivo ni kama mitungi mitatu kwa mwezi, shilingi 90. Hesabu hio muweke kwenye bei ya rili. Namna ya kuosha pia nilikuwa nakosea: kwanza kaza breki mpaka mwisho ili maji yasiingie kwenye zile washa, alafu mwagia polepole kwa kikombe, usitumie presha ya bomba manake presha inaisukuma chumvi ndani, zungusha mkono huku unamwagia kile kirola, kung'uta, futa kwa kitambaa kikavu, weka kivulini si juani, na ukimaliza legeza breki yote isilale imekazwa. Tone moja la mafuta kwenye kirola. Uzi nao una chumvi, kila baada ya safari nne nautoa wote nauloweka usiku kucha kwenye ndoo. Huo uzi wenyewe nimeurudishia mara mbili tu kwa miezi saba, mara moja kwa kuugeuza wa ndani ukawa wa nje.

Kabla ya hapo lakini ilibidi ifunguliwe. Fundi wa rili sikumpata, nkaipeleka kwa fundi cherehani pale Mwembe Tayari, mzee mmoja mtulivu, mikono yake haitetemeki. Hajawahi kufungua rili maishani mwake. Akaizungusha, akaisikiliza kwa sikio, akasema gia zi nzima, beringi zimekufa, na kweli alipoifungua mbele yangu beringi mbili kati ya sita zilikuwa zimekuwa nyekundu, moja haizunguki kabisa, na zile washa za breki zimelowa maji ya chumvi. Kila skrubu aliyoitoa aliipanga kwenye sahani kwa mfuatano, akapiga picha kwa simu yake. Akaosha vyote na petroli, akakausha, mafuta ya cherehani kwenye beringi, grisi ya injini ya boti kwenye gia, akaniambia nenda ukatafute beringi, andika hizi namba. Beringi za stainless za ukubwa ule sikuzipata mjini, nkaagiza tena kwa binamu, zikaja na mtu baada ya wiki sita. Fundi akanitoza shilingi 400 kufungua na kufunga, na siku ya kuweka beringi mpya hakutaka kitu, nkamlazimisha achukue. Kama una rili imekufa, mafundi cherehani wa mjini wajaribu, hawa ni watu wa chuma chembamba, hawatumii nguvu.

Baada ya hapo, kuanzia Januari mpaka Machi, wakati wa kaskazi, na maji matamu kila siku, rili haijarudi nyuma tena hata mara moja. Breki bado yashikashika kwa samaki mkubwa, hio ni asili yake. Kwahivo siwezi kusema ni rili mbovu. Ni rili nzuri ya mahali pengine.

Kuna vitu vingine binamu aliviweka kwenye begi, nitavitaja kidogo. Zile risasi zenye manyoya, chambo bandia chenye kichwa cha risasi cheupe na mkia wa manyoya ya mkia wa paa, ndio dawa ya straipa masika yote, anasema wakati huo weupe wafanana na shadi. Nilikuwa na tatu. Mtwapa alfajiri, jua halijatoka vizuri, simsim wamekusanywa juu wanaruka na shakwe wako juu yao wanapiga mbizi, ukirusha pembeni ya lile kundi ukavuta kwa kuruka kuruka, hairudi mikono mitupu. Binamu nilipomtumia ile video akaniambia wallahi ni kama Texoma, hata kule unatafuta ndege kwanza, ndege wakipiga mbizi straipa wako chini wamewabana shadi juu. Ziwani na baharini ndege wamesema kitu kimoja. Ila huku kuna mzia, na mzia hana huruma na manyoya, risasi mbili zimebaki vichwa vitupu, ya tatu ameondoka nayo. Ndoana zake ni za chuma cha kawaida, wiki moja tu zimeshakuwa nyekundu, ukiwa nazo badilisha kabla ya kushuka baharini.

Mtu mmoja pale ufukweni aliniuliza, sasa kwa hizo pesa zote si bora mshipi? Namjibu hapa kwa heshima. Mshipi wa ami gharama yake haifiki shilingi 500 na chubwi na ndoana zote, na kwa changu na tafi sijamshinda hata siku moja na sidhani nitamshinda. Anamjua samaki kwa kidole, anakwambia huyu ni changu, huyu ni tangu, kabla hajamvuta, na ninapokaa nae kwenye mtumbwi mmoja najifunza kuliko rodi yoyote inavyoweza kunifundisha. Rodi inafanya kitu ambacho mkono hauwezi: kurusha mita 50 mpaka walipo ndege bila kuwatisha, na kumeza ile mitikiso ya kolekole bila uzi kukukata vidole. Ni kazi mbili tofauti. Siku hizi tunatoka na vyote viwili, na ami anasema mkondo wenyewe Tudor umekuwa bora tangu daraja jipya la Makupa lifunguliwe 2022, manake lile tuta la zamani lilikuwa limeziba maji yasipite kuelekea Port Reitz. Yeye ndie anaejua, alikuwepo miaka yote hio.

Nani anunue hii seti basi? Anaevua kutoka mtumbwini au boti ndogo, kwenye mlango na mkondo, na ambae ana maji matamu nyumbani ama yuko tayari kuyanunua. Ukiweza kununua rodi peke yake fanya hivo, binamu anasema kule rodi tupu ni kama dola 45. Kwa rili tafuta iliyozibwa isiingie maji, yenye washa za kaboni kwenye breki, bei yake itakuwa zaidi ya mara mbili ya hii, na uongeze kidogo kidogo mpaka ufike usikimbilie rahisi. Kwa wanaovua Mama Ngina miambani, futi 7 ni fupi, pale unataka tisa au kumi ili uzi upite juu ya mwamba ukivuta, mimi nimekata uzi mara tatu pale kwa ufupi wa rodi. Na watu wa kusi, mwezi wa sita na wa saba bahari ikichafuka, hii utaivulia ndani ya Tudor na Mtwapa tu, nje usijaribu.

Nyota za rodi ni nne na nusu kwa tano. Rili naipa mbili na nusu kwa chumvi.

Kwa maji matamu ningeipa tano, na ndio maana nimeshaamua itakwenda wapi. Shemeji yangu yuko kazini Taveta, wikendi huenda Ziwa Jipe kuvua kambare kando ya mafunjo kwa kijiti na uzi. Nimemwambia rili yangu nyingine ikifika hii ni yake, na beringi zake mpya, na picha za fundi cherehani za namna ya kuifungua. Akaniuliza niioshe na nini. Nkamwambia ichovye ziwani tu.